Kipakatalishi kilichovunjika kioo bado ni kompyuta: jinsi ya kukigeuza kuwa kompyuta ya mezani

Na Afisa wa Habari wa Kaunti

Katika nyumba nyingi, shule na ofisi za kaunti yetu, kuna kipakatalishi kilichowekwa juu ya kabati kwa sababu "kimekufa". Ukiuliza kilikufaje, utaambiwa kioo kilipasuka, bawaba zilikatika, herufi kadhaa za kibodi hazibonyezeki, au betri haishiki chaji tena. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo nne inayomaanisha kwamba kompyuta yenyewe imekufa.

Kompyuta yenyewe ni madabodi, prosesa, memori na diski. Vitu hivyo vinne hukaa ndani, chini ya kibodi, navyo mara nyingi hubaki vizima hata mfuniko wote ukivunjika. Ukivipa skrini nyingine, kibodi nyingine na kipanya, unapata kompyuta ya mezani inayofanya kazi za kila siku bila shida.

Jambo hili si mchezo wa mafundi tu. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne huomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, mkopo kupitia HELB na PIN ya KRA, na yote hayo hufanyika mtandaoni. Kikundi cha kina mama au cha vijana kinachotaka zabuni au ruzuku hutakiwa kuandika barua, bajeti na hesabu. Asiye na kompyuta hupanga foleni kwenye saiba na kulipa kila mara, na hati zake hubaki kwenye mashine ya watu wengine. Kompyuta moja nyumbani, hata ikiwa ya umbo la ajabu, hupunguza gharama hiyo.

Lakini kazi hii ina hatari zake. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kuteketeza nyumba. Diski iliyotupwa ovyo huondoka na nakala ya kitambulisho chako. Na kifaa unachokifungua huenda ni mali ya umma, au kiliibwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo somo hili litafundisha kuunda, na litafundisha pia mahali pa kusimama.

Jua kwanza kilichokufa

Kosa la kwanza la wengi ni kushika bisibisi kabla ya kupima. Usifungue chochote mpaka umefanya jaribio hili.

Tafuta skrini ya nje. Inaweza kuwa skrini ya kompyuta ya zamani au televisheni ya nyumbani. Angalia matundu yaliyo kando ya kipakatalishi chako. Tundu la HDMI huingia moja kwa moja kwenye televisheni nyingi za kisasa. Tundu la VGA, lile pana lenye vishimo 15, huingia kwenye skrini za zamani. Mashine nyingine zina tundu la DisplayPort, na hizo zitahitaji waya wake au kigeuzi.

Chomeka chaja inayofaa. Soma maandishi yaliyo chini ya kipakatalishi na yale ya kwenye chaja. Volti lazima zilingane, na ampea za chaja zisipungue zile zinazotakiwa. Vipakatalishi vingi hutumia volti 19 hadi 20. Baadhi ya kampuni huweka alama ndani ya pini ya chaja, na mashine ikikosa kuitambua hupunguza kasi au hukataa kuchaji betri.

Washa, kisha subiri dakika mbili. Ikiwa skrini ya nje haionyeshi kitu, shika kitufe cha Windows na ubonyeze P mara mbili tatu, ukingoja kidogo kila mara. Matokeo yatakuwa moja kati ya haya matatu:

1. Picha inaonekana kwenye skrini ya nje. Kompyuta ni nzima na ugonjwa uko kwenye kioo au waya wake. Kifaa hiki kinafaa kabisa kwa kazi yetu.

2. Feni inazunguka au taa inawaka, lakini hakuna picha. Zima, chomoa kila kitu, toa memori na uirudishe vizuri kwenye nafasi yake. Ikiwa zipo mbili, jaribu moja moja. Memori iliyolegea au kuota kutu ni chanzo cha kawaida cha tatizo hili.

3. Hakuna taa, hakuna sauti. Jaribu chaja nyingine ya aina ileile. Ikiwa bado kimya, madabodi huenda imeharibika. Hapo kuunda kompyuta hakuwezekani, lakini diski na memori bado zinaweza kusaidia mashine nyingine.

Jaribu tena bila betri, ikiwa betri yake hutoka kwa urahisi. Vipakatalishi vingi huwaka kwa chaja peke yake. Vichache hupunguza kasi ya prosesa betri isipokuwepo. Ni afadhali ulijue hilo mapema, kabla hujatumia siku nzima kukata mbao.

Sehemu zipi huhama, zipi hazihami

Wengi hudhani kwamba sehemu za kipakatalishi zinaweza kutolewa na kupachikwa ndani ya kasha la kompyuta ya mezani ya kawaida. Sehemu moja huhama vizuri, nyingine hazihami.

Diski huhama. Diski ya kipakatalishi ya inchi 2.5 yenye soketi ya SATA hutumia soketi ileile ya kompyuta ya mezani. Pia inaweza kuwekwa ndani ya kava la USB ikawa diski ya kubeba.

Memori haihami. Kipande cha memori cha kipakatalishi kina urefu wa karibu sentimita 6.8, na cha kompyuta ya mezani ni zaidi ya sentimita 13. Hata kati ya kipakatalishi na kipakatalishi, angalia aina. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Mashine iliyotengenezewa DDR3L pekee haitakubali DDR3 ya kawaida. DDR4 nayo haiingii kabisa kwenye nafasi ya DDR3.

Prosesa, kwa vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni, imechomelewa kwenye madabodi. Usipoteze muda kujaribu kuing'oa.

Kioo cha kipakatalishi, ikiwa hakijapasuka, kinaweza kuwa skrini ya kujitegemea, lakini kinahitaji bodi maalumu ya kukiendesha. Bodi hiyo hununuliwa kwa kufuata nambari iliyoandikwa nyuma ya kioo chenyewe, wala si jina la kipakatalishi.

Ndiyo maana njia ya busara ni kuiacha madabodi pamoja na prosesa, feni na memori zake, kisha kuijengea nyumba mpya.

Chagua njia: usifungue zaidi ya inavyohitajika

Kuna njia mbili za kufanya kazi hii.

Njia ya kwanza ni kuondoa mfuniko wenye kioo kilichopasuka na kuacha sehemu ya chini kama ilivyo. Kibodi inabaki, kitufe cha kuwasha kinabaki, feni na njia zake za hewa zinabaki kama mtengenezaji alivyozipanga. Unachomeka skrini ya nje na kazi imekwisha. Ikiwa kilichokufa ni kioo au bawaba tu, chagua njia hii. Haipendezi sana machoni, lakini ndiyo salama zaidi na yenye gharama ndogo zaidi.

Njia ya pili ni kutoa madabodi yote na kuifunga kwenye ubao au kasha jipya. Chagua hii ikiwa mwili wa chini umevunjika pia, ikiwa kibodi imeharibika, au ikiwa unataka kompyuta ya kufungwa ukutani darasani.

Chukua mfano wa HP EliteBook 840 G1, aina mojawapo ya vipakatalishi vilivyotumika ng'ambo vinavyouzwa hapa nchini kwa jina la "ex-UK". Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne iliyochomelewa, nafasi mbili za memori ya DDR3L, na matundu ya VGA na DisplayPort, lakini haina HDMI. Kioo chake kikipasuka, skrini ya zamani ya VGA iliyoachwa na ofisi inatosha kuirudisha kazini. Kwa mashine kama hiyo hakuna sababu ya kwenda njia ya pili.

Vifaa vya kazi

Utahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kipande cha plastiki kigumu kama kadi ya zamani ya kufungulia vifuniko, brashi laini, karatasi na kalamu. Kwa njia ya pili ongeza kipande cha plaiwudi cha milimita 9 au zaidi, vikalio vya plastiki vya urefu wa milimita 10 hadi 20, na skrubu ndogo. Kibodi na kipanya vya USB vinunue au uazime.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Zima kabisa. Chomoa chaja, toa betri, kisha shika kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Ikiwa betri iko ndani, soketi yake ndiyo kitu cha kwanza kuchomolewa mara tu unapofungua mfuniko wa chini.

Hatua ya 2. Ondoa umeme tuli mwilini. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika bodi, na usifanyie kazi juu ya zulia. Shika bodi kwa kingo zake.

Hatua ya 3. Piga picha kila unapofungua. Chora umbo la kipakatalishi kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali ilipotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa madabodi.

Hatua ya 4. Ondoa mfuniko wa kioo. Chomoa waya wa skrini kwenye madabodi kwa kuvuta soketi, si waya. Chomoa nyaya mbili nyembamba za antena kwenye kadi ya Wi-Fi. Antena zenyewe zimebandikwa kando ya kioo, ndani ya mfuniko. Zibandue polepole uzihifadhi, kwa kuwa bila hizo mtandao utashika kwa shida sana. Kisha fungua skrubu za bawaba.

Hatua ya 5. Rudisha antena kwenye kadi, zielekeze nje mbali na chuma, na ujaribu mashine tena kwa skrini ya nje. Ikiwaka, njia ya kwanza imekamilika. Ukiona inalala ghafla, angalia kama kuna sumaku karibu, kwa mfano spika au kava la simu. Vipakatalishi vingi hutambua mfuniko uliofungwa kwa kuhisi sumaku.

Kwa njia ya pili, endelea.

Hatua ya 6. Tafuta kitufe cha kuwasha. Katika mashine nyingine kiko kwenye kibodi gogo moja kilichounganishwa kwa utepe wa waya; katika nyingine kiko ndani ya kibodi yenyewe. Hiki ndicho kinachowakwamisha wengi: wanatupa kibodi, halafu hawana pa kubonyeza. Hifadhi bodi hiyo na utepe wake. Ikiwa kitufe kiko ndani ya kibodi, iache kibodi imeunganishwa hata kama herufi zake hazifanyi kazi.

Hatua ya 7. Inua madabodi pamoja na feni na kipoza joto chake cha shaba. Usitenganishe kipoza na prosesa bila sababu. Ukikitoa, lazima usafishe krimu ya joto ya zamani na upake mpya, la sivyo prosesa itapata joto kupita kiasi na kujizima.

Hatua ya 8. Lala madabodi juu ya plaiwudi, weka alama kwenye matundu yake ya skrubu, na ufunge vikalio vya plastiki. Bodi isiguse mbao, wala chini yake pasiwe na kitu chochote cha chuma. Angalia feni inavuta hewa upande gani. Ikiwa inavuta kutoka chini, vikalio viwe virefu, au ukate tundu kwenye ubao chini yake.

Hatua ya 9. Unganisha bodi ndogo za USB na sauti, kitufe, diski na antena. Ile betri ndogo ya mviringo ya volti 3 inayotunza saa iache mahali pake. Ikiwa unaibadilisha, usiache ya zamani pale mtoto anapofikia, kwani akiimeza inaweza kumuunguza koo kwa muda mfupi.

Hatua ya 10. Jenga kasha. Plaiwudi inafaa. Usitumie katoni wala sponji, kwa kuwa hushika moto. Acha matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana. Chaja ibaki nje ya kasha. Usiifungue kamwe, kwani ndani yake mna umeme wa volti 240, na hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 11. Iache iwake kwa saa nzima huku ukicheza video, kisha kagua kama feni inapumua vizuri na kama kuna harufu ya kuungua. Acha mashine ipite jaribio hili kabla ya kufunga kasha kabisa.

Programu isiyolipishwa

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote inazozikubali ni za kizazi cha nane na kuendelea. Kwa hiyo mashine kama ile ya mfano wetu imeachwa nje, ingawa nguvu inazo.

Hapa ndipo Linux inaposaidia. Linux Mint haina malipo, na inahitaji angalau memori ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, pamoja na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kwa mashine dhaifu zaidi kuna Lubuntu. Ipakue mahali penye mtandao wa bei nafuu, maana ni faili kubwa ya GB kadhaa, kisha iandike kwenye flashi ya GB 8. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu kabla hujagusa diski. Ndani yake mna LibreOffice ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, na kivinjari cha kufungua huduma za serikali mtandaoni.

Ikiwa pesa zinatosha kununua kitu kimoja tu, nunua diski ya SSD, hata ndogo ya GB 120 au 240. Mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka ikipewa SSD hubadilika kuliko kwa matengenezo mengine yoyote.

Stima, chumvi na vumbi

Kompyuta isiyo na betri huzimika papo hapo stima inapopotea. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Stima ikipotea, zima swichi ya ukutani usubiri irudi na kutulia, kwa sababu umeme hurudi kwa kishindo mara nyingine. Kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji ni ununuzi wa maana.

Kwa upande wa matumizi, mashine hii ni ya kiasi. Tuseme bodi na skrini kwa pamoja vinatumia wati 50, kwa saa sita kila siku. Hiyo ni uniti 0.3 kwa siku, au uniti 9 kwa mwezi wa siku 30. Kompyuta kubwa inayotumia wati 150 kwa saa hizohizo ingemeza uniti 27.

Kwa wakazi wa pwani, hewa ya chumvi hula soketi. Usiweke kompyuta karibu na dirisha linalotazama bahari. Kwa wa bara kavu, vumbi huziba feni. Funika matundu ya hewa kwa kitambaa cha chandarua kuzuia sisimizi na mende, ukikumbuka kukifua mara kwa mara, na usafishe feni kwa brashi kila baada ya miezi mitatu.

Betri: hapa hakuna mzaha

Betri za zamani za vipakatalishi huwa na seli kadhaa za lithiamu, kila moja ikifika volti 4.2 inapojaa. Usizipasue ili kutengenezea taa au chaja ya simu kama hujafunzwa kazi hiyo. Betri iliyofura imejaa gesi. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena, na usiilazimishe itoke kwa bisibisi ya chuma.

Itoe nje ya nyumba, funika ncha zake za shaba kwa utepe wa kuhami umeme, na uiweke ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na jiko na watoto, mpaka uipeleke kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki. Usiitupe jaani. Betri ikigandamizwa ndani ya lori la taka au ikichomwa pamoja na takataka, moto wake ni mgumu kuzima na moshi wake ni sumu. Wanaokusanya taka zetu ni majirani zetu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la uondoaji wa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo inamtaka kila mmoja wetu kutenganisha taka zake. Wanaoshughulikia taka za kielektroniki hupewa leseni na NEMA. Jijini Nairobi, kwa mfano, kuna WEEE Centre. Afisa wa mazingira wa kaunti ndogo yako ndiye wa kumuuliza kuhusu mpokeaji aliye karibu.

Mali ni ya nani, na data ni ya nani

Usifungue kifaa kabla ya kujua kilikotoka. Kipakatalishi kinachodai nywila kabla hata ya kuwaka, huku anayekiuza haijui nywila hiyo wala hana risiti, kiache. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama ulikinunua kama vipuri.

Vifaa vya shule za umma, zahanati na ofisi za wadi ni mali ya umma hata vikiwa vimeharibika. Mwalimu mkuu au msimamizi hawezi kumpa fundi kwa maneno tu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka vipitie kamati ya uondoaji wa mali. Walio na mashine mbovu stoo waanzishe utaratibu huo mapema, kwa sababu kifaa kinachooza stoo miaka mitano hakimfaidi mwanafunzi wala mlipa ushuru.

Na kabla diski haijabadilisha mikono, ifutwe. Kutupa faili kwenye kapu la taka la kompyuta hakufuti chochote, anayejua atazirudisha. Kwenye Linux Mint, programu ya diski ina chaguo la kuandika sufuri juu ya diski nzima. Linachukua saa kadhaa, lakini linatosha kwa diski ya kuzunguka. Kwa SSD, tumia agizo la kufuta lililo ndani ya diski yenyewe, au mwachie fundi. Ikiwa diski ilikuwa na rekodi za wagonjwa, wanafunzi au wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha wewe uliyeitunza, hata baada ya kuiuza.

Lini uache

Kabla ya kuanza, andika orodha ya unavyokosa: chaja, skrini, diski, memori, kibodi. Jumlisha bei zake katika duka la karibu. Ikiwa jumla inapita nusu ya bei ya kipakatalishi kizima kilichotumika, usiunde. Toa diski na memori, uziuze au uzihifadhi, na mwili uupeleke kwa wanaorejeleza. Acha pia ikiwa madabodi imeungua au imekula chumvi hadi njia zake za shaba zimekatika.

Lakini ikiwa jaribio la kwanza lilionyesha picha, na skrini ya zamani ipo nyumbani, basi kompyuta unayo tayari. Kwa vijana wanaosomea umeme na teknolojia katika vyuo vya ufundi vya kaunti, hii ni kazi nzuri ya kujifunzia, kwa kuwa fundi anayejua kutofautisha kifaa kilichokufa na kilichovunjika kioo tu hatakosa mteja. Kwa mzazi, ni mtoto kujaza fomu za chuo akiwa mezani kwake, bila kuhesabiwa dakika.

Leo jioni, teremsha kile kipakatalishi kutoka juu ya kabati, tafuta waya, ukichomeke kwenye televisheni. Jaribio hilo halihitaji bisibisi wala shilingi.